Hatamu na Ridhaa

Katika nchi za Ulaya na Marekani yako mafunzo ambamo wakuu wa makampuni hupelekwa kwenye mabanda ya farasi, wakaambiwa wamwongoze mnyama asiye na tandiko wala mpandaji. Naye mnyama yule, aliyewazidi kwa uzani mara sita au zaidi, hatambui cheo wala mshahara, bali huangalia mabega, pumzi na nia ya aliye mbele yake, ndipo akaamua kufuata au kusimama.

Sisi wa Uvira, mashariki mwa Kongo, hatukuruzukiwa farasi, kwa kuwa mbung'o na maradhi ya bara viliwafungia njia tangu kale. Msafiri Stanley alitoka Bagamoyo mwaka 1871 na farasi wawili, wakafa wote kabla ya kwenda mbali. Na mwezi wa Novemba, yeye na msafiri mwenziwe Livingstone walipofika mlangoni mwa mto Ruzizi, waliletwa na wapiga makasia, si na farasi.

Hata hivyo elimu ile ipo kwetu, katika bonde la Ruzizi, kwa wachungaji wa ng'ombe wenye pembe ndefu. Tazama kundi likivuka barabara karibu na Sange, lori likipiga honi: mchungaji mmoja yu mbele, hageuki nyuma, anaita kwa sauti ileile ya kila siku, na mbuguma mzee anamfuata, na wengine wanamfuata mbuguma, wa pili yuko ubavuni, ameinua fimbo mlalo bila kupiga, mtoto yuko nyuma na ndama waliochoka. Hakuna anayetoa amri, maana kila mmoja anaijua kazi ya mwenziwe kama aijuavyo yake.

Atasema mtu kwamba fimbo pia huwaendesha ng'ombe. Ni kweli, lakini hofu humwondoa mnyama pale alipo, wala haimfikishi unakotaka. Wakipigwa mno hutawanyika, na jioni hutafutwa mateteni. Mamlaka yasiyo na ridhaa ni ya namna hiyo, na mji wetu, uliokwisha kuwaona wenye silaha wengi wakidai utii, hauhitaji kuthibitishiwa jambo hili kwa vitabu.

Kwa hiyo nawaomba walimu wa Uvira, njia ikiwa salama, wawapeleke wanafunzi wao bondeni asubuhi moja, wakae na wachungaji hao, wawaulize kazi yao, na wawasikilize kwa taadhima wampayo mwalimu.