Mzigo Ufike na Punda Aishi

Wahenga walisema kwamba chanda chema huvikwa pete. Wakasema tena kwamba mcheza kwao hutuzwa. Methali hizi mbili zakubaliana kuwa wema una haki ya kutambuliwa, na kwamba kutambuliwa huko kwafaa kuonekane na watu. Lakini hakuna hata moja itwambiayo chanda chema hujulikanaje, wala ni mchezo gani ustahilio tunzo. Swali hilo wahenga walituachia sisi. Kila jamii ya watu, iwe kubwa kama taifa au ndogo kama chama cha kijiji, hulijibu kila itoapo nishani, hata kama haijui kuwa inalijibu. Kwani vijana wakimtazama mtu anayetukuzwa mbele yao, hujifunza namna ya kuwa.

Nataka kulitazama swali hili kwa mfano ulio mbali na pwani yetu, nao ni jamii ya wapanda farasi wa safari ndefu. Sikuuchagua kwa ajili ya ugeni wake. Nimeuchagua kwa kuwa katika mchezo huo mwanadamu haendi kwa miguu yake. Huchukuliwa na kiumbe asiyeweza kusema kuwa amechoka, asiyejua kuwa kuna kikombe mwisho wa njia, na asiyeulizwa kama ataka kwenda. Mahali kama hapo sifa hupimika upesi kama ni ya haki au ni ya dhuluma.

Mwezi wa Oktoba, mwaka 1892, maofisa wa jeshi la Ujerumani na wa jeshi la Austria na Hungaria walishindana kwa farasi baina ya Berlin na Vienna, mwendo upitao kilomita 550. Wajerumani walitoka Berlin, na wenzao walitoka Vienna. Mshindi, Count Wilhelm Starhemberg, alifika Berlin kabla siku tatu hazijatimia. Sifa zake zilienea. Walakini farasi wake, Athos, alikufa baada ya safari ile, wala hakufa peke yake. Farasi wengi walianguka, na lawama kubwa zikafuata. Maofisa wale hawakuwa watu wakatili kuliko wengine wa zama zao. Walikuwa watu waliowekewa saa mbele yao, wakaambiwa kuwa heshima imo ndani ya saa hiyo, nao wakaifuata.

Haifai tuwacheke, kwani sisi wenyewe tunasema: punda afe, mzigo wa bwana ufike. Wako wanaoisema methali hii kwa kusuta, na wako wanaoisema kama kanuni ya kazi. Ukiitazama vizuri utaona kuwa ina punda afaye, ina mzigo ufikao, na ina bwana. Lakini bwana mwenyewe hayumo safarini. Yu nyumbani angoja. Hakuliona jua la njiani wala hakusikia pumzi za mnyama, na pengine ndiyo maana aweza kuona kifo kile kuwa ni bei nafuu. Mpanda farasi hana udhuru huo. Yeye ni bwana, na ni mzigo, naye yumo njiani. Pumzi za mnyama azisikia chini ya magoti yake.

Sasa tutazame jibu jingine. Mwaka 1955 Wendell Robie, mfanyabiashara wa mji wa Auburn katika California, alitoka na wenzake wachache upande wa Lake Tahoe, wakavuka milima ya Sierra Nevada mpaka Auburn. Nia yake ilikuwa kuthibitisha kwamba farasi wa zama hizi aweza kwenda maili 100, yaani kilomita 160, katika siku moja. Jambo lile likawa desturi, nayo yajulikana kwa jina la Tevis Cup. Wasafiri huanza saa 11 na robo alfajiri, na siku huchaguliwa karibu na mwezi mpevu ili watakaochelewa wapate mwanga wa usiku. Hupewa saa 24, pamoja na vituo vya kupumzika kwa lazima. Hushuka katika mabonde makali ambamo joto la mchana laweza kupita nyuzi 38, kisha huvuka mto gizani. Katika miaka mingi karibu nusu tu ya walioanza ndio wanaofika.

Lakini jambo lipasalo kuangaliwa ni vituo vya njiani. Hapo husimama madaktari wa wanyama. Mpandaji hushuka, na farasi huangaliwa kwanza. Moyo wake husikilizwa mpaka mapigo yashuke kufikia kiasi kilichowekwa, ambacho kwa desturi ya safari hizi huwa kama 60 au 64 kwa dakika. Ufizi wake hubonyezwa kuona kama damu hurudi upesi. Ngozi ya shingo huvutwa kuona kama mwili umekaukiwa na maji. Tumbo husikilizwa kama lingali lafanya kazi. Kisha huongozwa kwa mwendo wa matiti, aende na kurudi, ionekane kama achechemea. Akichechemea, safari imekwisha, hata kama mpandaji ni tajiri, au ni hodari, au alikuwa wa kwanza. Neno la bwana hapo halisikilizwi. Mahakama imewekwa kwa ajili ya asiyeweza kushtaki.

Na heshima zao hufuata sheria hiyo. Amalizaye kwa saa zilizowekwa, na farasi wake akapita, hupata bizimu ya fedha ya mshipi, awe wa pili au wa mwisho. Wa kwanza hupata kikombe chake. Lakini tangu mwaka 1964 kiko kikombe kingine, Haggin Cup, apewacho yule farasi, kati ya kumi wa kwanza kufika, aonekanaye kuwa katika hali njema kuliko wote. Naye haamuliwi usiku ule wa shangwe. Huangaliwa kesho yake, mbio zimekwisha na uchovu umepata muda wa kujitokeza. Chama cha Marekani cha safari hizi, kilichoundwa mwaka 1972, kimejiwekea msemo kwamba kumaliza ndiko kushinda. Chama hicho huwatukuza pia mtu na farasi waliosafiri pamoja misimu kumi, kila msimu wakimaliza walau safari moja ya maili 50 au zaidi. Ni heshima ambayo fedha haiwezi kuinunua kwa mwaka mmoja, wala haraka haiwezi kuifikia. Hupatikana kwa mtu kuwa mwangalifu kila siku kwa miaka kumi.

Mtu aweza kupinga. Atasema: tunzo ikipewa wengi hupungua thamani, kama sarafu iliyochapwa kupita kiasi. Hoja hii ina nguvu pale ambapo tunzo hutolewa bure. Lakini bizimu ile haitolewi bure. Nusu ya walioanza wameikosa. Sarafu hupoteza thamani kwa kukosa dhahabu nyuma yake, si kwa kuwa imo mikononi mwa watu wengi.

Mwingine atapinga hivi: farasi hajui heshima, kikombe kwake si kitu, angependa ndoo ya maji. Ni kweli, na maji apewe kwanza. Walakini heshima haikusudiwi kumfurahisha aheshimiwaye tu. Heshima ni ushahidi utolewao mbele ya watu kwamba jambo fulani lilifanyika na kwamba lilikuwa jema. Malipo humaliza deni. Heshima hulikiri deni lisilolipika. Tunapomtaja farasi kwa jina lake, tunakiri kuwa hatukufika kwa nguvu zetu. Asiyeweza kukiri hivyo kwa mnyama, yamkini hataweza kwa mpagazi wala kwa mtumishi.

Tena kanuni njema hazitoshi zenyewe. Mwaka 2015 Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Farasi lilisimamisha shirikisho la Falme za Kiarabu kwa sababu ya mambo yahusuyo ustawi wa farasi katika safari hizi ndefu. Madaktari walikuwako na vipimo vilikuwako. Lakini mahali ambapo sifa na mali vimelundikwa juu ya mwendo wa shoti, saa ya mwaka 1892 huanza kulia tena.

Hapa sina budi kujishtaki mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilikaa katika kamati iliyotakiwa kuchagua mtu wa kutunzwa kwa kuitumikia lugha. Tulihesabu maandishi: nani ana vitabu vingi, nani ana makala mengi. Mshindi alipatikana kwa dakika chache. Wakati uo huo alikuwa akistaafu karani aliyetunza maktaba yetu ndogo kwa muda mrefu, akishona vitabu vilivyochanika, akijua kila kitabu kilipo. Hapana hata mmoja wetu aliyeandika ukurasa bila ya kupitia mikononi mwake. Jina lake halikutajwa. Nami nilinyosha mkono pamoja na wengine, nikaenda zangu kula chakula cha mchana. Tulikuwa tumepima mwendo, tukamsahau aliyetubeba.

Katika jamii ya wapanda farasi wako watu kama karani yule. Wako wafungao vitambaa vya rangi mitini ili msafiri asipotee, wachukuao ndoo za maji bondeni, waandikao mapigo ya moyo ya farasi wasio wao mpaka usiku wa manane. Jamii iwatukuzayo hao hujitambua kuwa haikujengwa na wenye mbio peke yao.

Na yuko mmoja zaidi, ambaye kwake swali letu ni gumu kupita wote. Ni yule aliyekwenda maili 90, akahisi hatua ya farasi wake imebadilika kidogo, jambo ambalo pengine daktari asingaliliona. Akashuka, akalegeza mshipi wa tandiko, akasema: basi. Yeye hapati kikombe wala bizimu. Katika daftari ameandikwa kuwa hakumaliza. Mtu huyu ametenda wema ambao ushahidi wake haupo, maana farasi hakuumia. Nani atathibitisha kuwa angaliumia? Heshima ya watu haiwezi kumfikia, kwa kuwa watu hutunza yaliyotokea, na yeye kazi yake ilikuwa kuzuia lisitokee.

Naona kuwa hapo ndipo ilipo kazi ya mwisho ya heshima zote nyingine. Zinatolewa hadharani ili ziwafundishe watu kutenda sawasawa pale ambapo hapana atazamaye. Chanda chema na kivikwe pete. Lakini pete hiyo na imkumbushe avaaye vidole visivyovikwa. Na tumwambie bwana aliye nyumbani kwamba mzigo wake utafika, ila utafika siku ya pili, maana punda amepumzishwa njiani.