Daftari ni la Nani?

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ni methali ambayo sisi watu wa hesabu huipenda sana, kwa kuwa inatupa heshima. Lakini kuna jambo haikulisema, nalo ni daftari lenyewe ni la nani. Nathubutu kusema kwamba vijana wetu wanaosomea uchumi na uhasibu huulizwa maswali yote isipokuwa hilo.

Kwetu huku Temeke, mtoto akichaguliwa kuingia Chuo cha Usimamizi wa Fedha, au Chuo cha Uhasibu kilichopo hapo Kurasini, swali la kwanza la wazazi ni moja: atapata kazi wapi? Si swali baya. Zamani lilikuwa na jibu jepesi. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 mabenki yalitaifishwa, mashirika ya umma yakaongezeka, na yote yalikuwa na njaa ya wahasibu. Mwaka 1972 iliundwa Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu. Mhitimu wa miaka ile alipangiwa kazi, akaenda.

Kisha mambo yakabadilika. Sheria ya mwaka 1991 ilifungua mlango kwa mabenki ya watu binafsi, mashirika mengi yakauzwa au yakafa, na mwaka 1997 Benki ya Taifa ya Biashara ikagawanywa. Mhitimu wa leo hujitafutia mwenyewe: benki, ofisi ya ukaguzi wa hesabu, Mamlaka ya Mapato iliyoanza kazi mwaka 1996, asasi zisizo za kiserikali, ama meza katika duka la ndugu yake. Meza hiyo ya mwisho ndiyo iliyonifanya niandike.

Kijana mmoja wa Tandika, mtoto wa rafiki yangu, alinijia na shida. Mjomba wake ana duka la vifaa vya ujenzi. Mjomba huyo ndiye aliyemlipia ada mpaka akamaliza chuo, maana baba yake alikwisha kufariki. Sasa anamtaka amwandikie madaftari mawili: moja lenye mauzo ya kweli, la kuwekwa sandukuni, na la pili lenye mauzo madogo, la kuwaonyesha watu wa kodi. Aidha, mjomba alikuwa akifikiria mkopo, na kwa ajili ya benki lingehitajika daftari la tatu, lenye mauzo makubwa kuliko yaliyopo.

“Mzee,” aliniambia, “nikikataa nimekuwa mtovu wa fadhila. Nikikubali, nilisomea nini?”

Hapana budi tumtendee haki mjomba. Si mwizi. Alianza kwa kuuza misumari kwa kilo, na ada aliyolipa ilitoka katika jasho lake. Naye ana hoja: kodi yangu inaliwa na wakubwa. Nani atamkatalia? Sote tunakumbuka fedha za EPA katika Benki Kuu, ambapo ukaguzi uliotangazwa Januari 2008 ulionyesha kuwa zaidi ya shilingi bilioni 133 zililipwa isivyo halali kwa makampuni 22 katika mwaka wa fedha wa 2005/06. Mwenye duka akisikia habari kama hizo, mkono wake huwa mzito kutoa.

Lakini hebu tuitazame habari hiyo tena. Tulijuaje? Tulijua kwa sababu wakaguzi walikaa wakasoma makaratasi. Kama kila karatasi katika nchi ingekuwa imeandikwa kumridhisha aliyelipa mshahara wa mwandishi, wizi ule tusingeujua hata leo. Mjomba analalamika kwa kutumia ushahidi ambao daftari lake mwenyewe lingeuzima.

Katika masomo ya mwanzo kabisa ya uhasibu mwanafunzi hufundishwa kuwa biashara ni nafsi moja na mwenye biashara ni nafsi nyingine. Mwenye duka akichukua unga wa duka kula nyumbani, ni lazima uandikwe. Naona kanuni hii inamhusu mhasibu pia. Mkono ni wake, lakini neno analoliandika si mali yake. Ni la mtu asiyemjua atakayelisoma kesho na kuliamini: karani wa benki anayekopesha akiba za wenzake, mkaguzi, mjane wa mwenye duka atakayetaka kujua ameachiwa nini. Fadhila ni deni, na deni hulipwa; ila mtu hulipa deni kwa kilicho chake. Kijana yule anaweza kumpa mjomba nguvu zake, usiku wake, hata nusu ya mshahara wake. Neno lile hana ruhusa ya kulitoa.

Nilimwambia hivyo, nikamwambia pia kuwa elimu yake inatosha kulipa fadhila kwa njia nyingine. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inaruhusu gharama za biashara ziondolewe katika mapato, na hasara ya mwaka mmoja ihamishiwe mwaka unaofuata, mradi kumbukumbu zipo. Wafanyabiashara wangapi wa Tandika na Manzese hulipa zaidi ya haki kwa sababu tu risiti za usafiri na za pango zilitupwa? Mhasibu mwaminifu anaweza kuokoa fedha halali ambazo mwenye duka hakujua kuwa ni zake.

Sikumficha kuwa huenda mjomba asingekubali, na kwamba mlango wa duka ukifungwa, mlango wa nyumba nao hutikisika. Ikawa hivyo. Kijana alihama, akaanza kuandika hesabu za kikundi cha akina mama wa VICOBA huko Mbagala, kwa ujira mdogo. Miezi ilipita mjomba akiwa hamsemeshi. Siku benki ilipomtaka hesabu za miaka miwili, alimtuma mtu kumwita. Sijui watafikia mapatano gani.

Ndugu msomaji, ukiwa na mtoto anayesomea kazi hii, endelea kumwuliza ataajiriwa wapi. Kisha mwulize na hili: siku bwana wako atakapotaka uandike lisilokuwapo, utakuwa unamwandikia nani? Afadhali akutane nalo kwanza nyumbani, kabla hajaketi mbele ya daftari la mtu anayemdai shukrani.