Kura na Nafsi ya Mtu

Swali ninalotaka tulitafakari pamoja, msomaji, ni hili. Watu walio wengi katika nchi wana haki ya kuamua mambo mengi juu ya walio wachache: kodi, sheria, hata vita na amani. Je, wana haki pia ya kuamua mtu mwingine awe nani? Utajibu upesi kwamba hawana, maana kila mtu hujijua mwenyewe. Lakini ngoja kidogo. Yako mambo ambayo kwa juu huonekana kuwa ya biashara tu, ya ushuru na vituo vya forodha, kumbe ndani yake yamo maisha ya mtu, jina lake, na jinsi ajionavyo mbele ya jirani zake. Nitakupa mfano mmoja mkubwa wa wakati wetu, nao watoka katika visiwa viwili vilivyo kaskazini-magharibi mwa Ulaya.

Kwanza yatupasa kusafisha maneno yetu. Katika Kiswahili twasema "Uingereza" na kumaanisha ufalme wote unaotawaliwa kutoka London, na mwenyeji wake yeyote twamwita Mwingereza. Mskoti akisikia hivyo hukunja uso. Ufalme ule umefanywa na nchi nne, nazo ni Uingereza yenyewe, Uskoti, Welisi na Ireland ya Kaskazini. Kwa hiyo katika insha hii ufalme wote nitauita Britania, na watu wake Wabritania. Jina Uingereza nitaliweka kwa ile nchi moja iliyo kubwa kuliko wenzake. Upande wa magharibi, ng'ambo ya bahari nyembamba, kiko kisiwa cha Ireland. Sehemu yake kubwa ni jamhuri huru ambayo mji wake mkuu ni Dublin. Pembe yake ya kaskazini-mashariki imo katika Britania, na mji wake mkuu ni Belfast. Kisiwa kile kiligawanywa mwaka 1921.

Mpaka uliokigawanya una urefu upatao kilometa 500, na barabara zaidi ya 200 zaukata. Haukufuata safu ya milima wala jangwa. Ulifuata mipaka ya zamani ya wilaya, ukapita katikati ya mashamba ya watu. Kijiji cha Pettigo kiligawanywa na mto mdogo tu, upande huu Jamhuri, upande ule Britania. Na wale waliobaki kaskazini hawakuwa wa nia moja. Walio wengi wakati ule, na kwa kawaida walikuwa Waprotestanti, walijihesabu kuwa Wabritania, wakataka kubaki chini ya mfalme. Walio wachache, na kwa kawaida walikuwa Wakatoliki, walijihesabu kuwa Waairishi, wakaona kwamba wametengwa na ndugu zao. Usidhani ya kuwa ugomvi ule ulikuwa wa dini peke yake. Dini ilikuwa kama rangi ya bendera. Kilichogombaniwa hasa kilikuwa nchi, kazi, nyumba na heshima. Uko mji mmoja kule ambao hata jina lake hugombaniwa: hawa huuita Derry, na wale Londonderry, na mgeni akilitamka jina moja huhesabiwa mara moja kuwa yu upande fulani. Tangu mwisho wa miaka ya 1960 mpaka mwaka 1998 waliuawa watu zaidi ya 3,500, katika nchi ambayo watu wake wote hawakuzidi sana milioni moja na nusu.

Sasa tazama jambo lililotokea kando ya ugomvi huo. Tarehe 1 Januari 1973 Britania na Jamhuri ya Ireland ziliingia siku moja katika Jumuiya ya Uchumi ya Ulaya, ambayo baadaye iliitwa Umoja wa Ulaya. Ziliingia kwa ajili ya biashara. Lakini biashara ina njia zake za kimya. Mawaziri wa Dublin, ambao kwa miaka mingi walikuwa wakienda London kama mdogo aendavyo kwa mkubwa, sasa walikaa meza moja na mawaziri wa London, sawa kwa sawa, wakijadiliana juu ya maziwa na samaki. Ilipofika tarehe 1 Januari 1993 soko moja la Ulaya lilianza, na forodha ikaondoka mpakani. Waliobaki pale walikuwa askari na minara yao.

Hao nao waliondolewa na Mkataba wa Ijumaa Kuu, uliokubaliwa Belfast tarehe 10 Aprili 1998. Mwezi uliofuata watu waliupigia kura. Kaskazini waliukubali watu 71 katika kila 100, na katika Jamhuri watu 94. Mkataba ule una mambo mengi, lakini mimi nataka ulishike moja. Ulisema ya kwamba kila mtu wa Ireland ya Kaskazini ana haki ya kuzaliwa ya kujihesabu, na kukubaliwa, kuwa Mwairishi, au Mbritania, au vyote viwili, kama apendavyo mwenyewe.

Vyote viwili! Maneno hayo ni machache, lakini kwa maoni yangu hayajaandikwa mengi yenye hekima kuliko hayo katika mikataba ya siku zetu. Vita vingi vimepiganwa kwa sababu ya kudhani kwamba nafsi ya mtu ni kama kikombe, ambacho maji yakiingia maziwa hayana budi kumwagika. Mshairi John Hewitt, aliyezaliwa Belfast mwaka 1907 na kufa mwaka 1987, alipata kueleza ya kuwa yeye ni mtu wa jimbo lake la Ulster, tena ni Mwairishi kwa kuzaliwa katika kisiwa cha Ireland, tena Mbritania, tena mtu wa Ulaya; na kwamba atakayeiruka ngazi mojawapo atakuwa amesema uongo juu yake. Wewe mwenyewe, msomaji, huenda u mwana wa ukoo fulani, mwenyeji wa wilaya fulani, Mkenya na Mwafrika, na siku nyingi hakuna akuulizaye uchague moja na kuyatupa mengine. Ni heri kubwa kutoulizwa. Mtu huijua heri hiyo siku anapoulizwa.

Watu wa Ireland ya Kaskazini waliulizwa tarehe 23 Juni 2016. Siku ile Britania yote ilipiga kura kuamua kama ibaki katika Umoja wa Ulaya au itoke. Katika kila wapiga kura 100, karibu 52 walitaka kutoka. Lakini hesabu hiyo ni ya ufalme mzima. Uingereza na Welisi zilitaka kutoka; Uskoti ilitaka kubaki kwa watu 62 katika 100, na Ireland ya Kaskazini kwa watu karibu 56. Kura zilipojumlishwa, wingi wa Uingereza uliwafunika wengine wote.

Haifai kuwacheka wala kuwatukana waliotaka kutoka. Wengi wao walisema kwamba sheria za nchi zitungwe na watu wa nchi, na kwamba mtu aweze kumwondoa kwa kura yule anayemtawala. Sisi ambao nchi yetu ilidai jambo hilo hilo kwa Britania yenyewe, na kulipata mwaka 1963, hatuna haki ya kusema kwamba ni dai la kipumbavu. Kosa silioni katika dai. Nililionalo ni kwamba karatasi ya kura iliuliza jambo moja, kubaki au kutoka, na jambo la pili halikuandikwa: tukitoka, mpaka utawekwa wapi?

Maana ilikuwa lazima uwekwe mahali. Nchi mbili zikiwa na ushuru mbalimbali na sheria mbalimbali za ng'ombe, nyama na dawa, lazima mizigo ikaguliwe inapotoka huku kwenda kule. Ukaguzi ukiwekwa juu ya ardhi, ule mpaka wa kilometa 500 wafufuka, na Mwairishi wa Derry aona tena kwamba ametengwa na Dublin. Ukiwekwa baharini, kati ya Belfast na bandari za Uskoti na Uingereza, basi Mbritania wa Belfast aona kwamba ametengwa na ufalme wake mwenyewe. Iliwezekana pia ufalme mzima ushikamane na kanuni za Ulaya hata baada ya kutoka, ili ukaguzi usihitajiwe sana popote. Lakini mapatano yaliyoelekea huko yalikataliwa na Bunge la London mara tatu mwaka 2019. Britania ikatoka tarehe 31 Januari 2020, na tangu tarehe 1 Januari 2021 ukaguzi ukawa baharini.

Hapo utaona jinsi jeraha lilivyohama bila kupona. Waairishi wa kaskazini walipumua. Wabritania wa kaskazini wakalia, na kilio chao kilikuwa cha kweli. Mtu aliyeishi miaka yote akijiona sehemu ya Britania aliambiwa kwamba mche wa bustani au kipande cha nyama kitokacho Uskoti chataka hati kama kitu kitokacho ugenini. Watu wa mbali walicheka: nani aliye na nafsi katika kipande cha nyama? Lakini hawakuwa wakililia chakula. Chama chao kikubwa kilijitoa katika serikali ya Belfast mwezi wa Februari 2022, na serikali ile ikalala miaka miwili, mpaka Februari 2024, ijapokuwa masharti ya bahari yalikuwa yamelegezwa kwa mapatano ya Windsor mwaka 2023.

Yuko atakayenipinga na kusema hivi: "Utaifa u moyoni. Forodha haiwezi kumnyang'anya mtu moyo wake. Tena Waairishi na Wabritania wangali wakiingia na kukaa katika nchi zao zote mbili bila ruhusa ya mtu, kwa mapatano ya tangu miaka ya 1920. Ni nini basi kilichopotea?" Hoja hii ina nguvu, wala sitaki kuipita upesi. Ni kweli kwamba hakuna aliyefukuzwa kwake. Lakini rudi kwenye maneno ya mkataba. Haukusema kujihesabu tu. Ulisema kujihesabu na kukubaliwa. Nafsi ya mtu husimama kwa miguu miwili, mmoja ni lile asemalo mwenyewe, na mwingine ni lile ambalo wenzake na sheria za nchi hulikubali. Mguu wa pili ukikatwa, wa kwanza huchechemea.

Mwanamke mmoja wa Ireland ya Kaskazini, aliyejihesabu Mwairishi maisha yake yote, alimwombea mumewe Mmarekani ruhusa ya kukaa mwaka 2015, yaani kabla ya kura. Serikali ikamjibu kwamba kwa sheria ya mwaka 1981 yeye ni Mbritania kwa kuzaliwa, na akitaka kuhesabiwa Mwairishi tu hana budi kwanza kuukana Ubritania, ambao yeye asema hakuudai kamwe. Mwezi wa Oktoba 2019 mahakama ya rufani ya wageni iliikubalia serikali. Mwezi wa Mei 2020 serikali yenyewe ikabadili kanuni zake ili watu kama yeye wapate njia. Lakini fikiri: mtu mzima kuambiwa akane kwa maandishi kitu ambacho hajapata kukishika!

Na mambo haya hayakuishia Ireland. Baada ya mwaka 2016 Waingereza wengi walianza kutafuta vyeti vya babu na bibi zao, kwa sababu sheria ya Dublin humpa uraia mtu mwenye babu au bibi aliyezaliwa Ireland. Watu ambao hawakupata kuifikiria Ireland ila kwa mzaha wakajikuta Waairishi wa karatasi ili wasikose kuingia Ulaya kama zamani. Sijui kama hilo ni jambo la kucheka au la kusikitikia. Labda yote mawili. Hata Kenya iliguswa kidogo, maana ilibidi ifanye mapatano mapya na Britania juu ya maua, chai na mboga, nayo yalitiwa sahihi London mwezi wa Desemba 2020. Mapatano ya maua huandikwa upya kwa majuma machache. Ya nafsi hayaandikwi hivyo.

Hesabu ya watu ya Ireland ya Kaskazini yaonyesha jinsi watu wajitajavyo. Mwaka 2011, katika kila 100, karibu 40 walijitaja kuwa Wabritania tu, na 25 Waairishi tu. Mwaka 2021 Wabritania tu walikuwa karibu 32, na Waairishi tu 29. Sisemi kwamba kutoka Ulaya ndiko kulikoleta yote hayo. Wazee hufa, vijana huzaliwa, na nyumba za Wakatoliki zimeongezeka kwa miaka mingi. Nasema tu kwamba mizani imekaribia kusimama sawa, na kwamba katika nchi ya namna hiyo neno "wengi" ni neno la kutumiwa kwa hadhari.

Tarehe 10 Desemba 2024 Baraza la Belfast lilipiga kura kuamua kama utaratibu wa bahari uendelee. Wajumbe 48 walisema uendelee, na 36 walisema usiendelee. Wote waliojihesabu watetezi wa umoja na Britania walikuwa katika wale 36. Hakuna hata mmoja wao aliyekubali. Basi wale ambao mwaka 2016 walikuwa katika upande ulioshinda, kwa sehemu kubwa, sasa ndio walioshindwa, nao wakalalamika kwamba wengi wamewaamulia jambo lisiloamuliwa kwa wingi. Jirani zao walikuwa wamelalamika vivyo hivyo miaka minane kabla yake. Kwa sababu kura ile haikupata kibali cha pande zote mbili, sheria yataka ipigwe nyingine baada ya miaka minne.