Pumzi Haikai Mkao

Mjomba wangu wa Mombasa hana ugomvi na penseli. Ugomvi wake ni watu. Chora dau, huniambia, chora mwembe. Ndilo jibu ambalo Ibn Abbas, sahaba wa Mtume, alimpa fundi wa picha aliyekuja kumlalamikia kwamba riziki yake imo humo: kama huna budi, chora miti na visivyo na roho. Mjomba ni Mshafii kama wengi wetu wa pwani, na Imamu Nawawi hakutuachia upenyo: picha ya chenye roho ni haramu, iwe na kivuli au isiwe nacho. Wamaliki wengi ni wepesi zaidi kwa picha ya karatasini. Ningeweza kuhamia kwao, lakini kuhama madhehebu kwa ajili ya starehe yangu naona ni ujanja tu.

Hadithi inayotegemewa katika katazo hilo inasema wachoraji wataamrishwa Siku ya Kiyama wavipe uhai walivyoviumba, na hawataweza. Kutoweza huko mimi nakujua kwa mkono. Kila Jumamosi, hapa Nairobi, mimi na wachoraji wenzangu tunamchora seremala mstaafu aliyekaa kwenye stuli, kikoi kiunoni. Mikao mifupi ni dakika moja, mirefu ishirini. Akienda kupumzika, nyayo zake huzungushiwa chaki ili arudi palepale. Harudi palepale kamwe: bega limeshuka, kikoi kimejikunja kwingine. Na hata akiwa ametulia, mbavu zinapanda na kushuka. Mstari niliouchora sasa hivi tayari umepitwa. Anayenakili picha ya simu anaweza kujiona muumbaji, maana picha haipumui. Mbele ya mzee huyu, karatasi yangu haina la kujidai.

Mjomba alinisikiliza, kisha akanipa jibu lililonikosesha usingizi: “Haya mwanangu, umeiona pumzi. Basi mtazame, umsabihi Mola wako, uiwache karatasi.”

Nimejaribu. Jicho lisilo na kazi huona mzee, kikoi, stuli, likaridhika, likaenda zake dirishani. Mkono ndio unaolishikilia pale kwenye kishimo cha shingo mpaka lione kwamba hakitulii. Kwa faqihi hiyo si hoja, najua. Ni udhaifu wa jicho langu, na udhaifu hauhalalishi kitu. Mjomba ameniambia hivyo hivyo.

Mzee mwenyewe nilimuuliza kama anahisi tunamchukulia chochote. Akasema stuli ile imeungwa vibaya, mguu mmoja mfupi, na wiki ijayo atakuja na randa.