Kuzoea: nani abadilike, mtu au gitaa?

 

Mwezi huu sitaandika juu ya mgawo wala juu ya bati za kanisa, maana hayo mmeyasikia ya kutosha kwenye matangazo. Nataka tufikiri pamoja juu ya neno moja tunalolitumia kila siku, neno kuzoea. Mgeni akifika hapa makazini analia, tunamwambia, "Utazoea." Mimi mwenyewe nimelisema mara nyingi mpaka likawa kama kidonge cha maumivu ambacho mtu anampa kila mgonjwa bila kumpima. Nimeanza kulitilia shaka kwa njia ambayo sikuitazamia, yaani kwa ajili ya gitaa.

Wengi mnamkumbuka ndugu yetu mpiga gitaa wa kwaya, aliyeondoka mwaka 2016 kwenda Marekani katika mpango wa kuhamishiwa nchi ya tatu. Hapa alipiga lile gitaa la kwetu la vidole viwili, gumba na shahada, kama wazee wa Katanga tangu siku za Mwenda Jean Bosco. Kanisa analosali huko lilimpa gitaa la mzee mmoja aliyekwisha kulala katika Bwana. Alinitumia picha kwenye simu, nikadhani ni cherehani. Lina miguu minne, lina pedali chini, na mpigaji anaketi mbele yake kama fundi nguo.

Gitaa hilo la pedali lina nyuzi kumi zilizolala juu ya ubao. Mkono wa kushoto haubonyezi nyuzi kwa vidole. Unashika kipande kizito cha chuma na kukitelezesha juu yake. Mistari iliyochorwa chini ya nyuzi ni alama tu, haikusaidii ukikosea. Ukisimama pembeni ya mstari kwa upana wa unywele, kanisa zima linasikia. Mkono wa kulia unachuna, mguu wa kulia unaongoza ukubwa wa sauti, mguu wa kushoto unakanyaga pedali, na magoti yote mawili yanasukuma vyuma vinavyoning'inia chini. Pedali moja inapandisha nyuzi za Si kwa sauti nzima, nyingine inapandisha zile za Sol diyezi kwa nusu sauti, na ya tatu ina kazi yake. Ndiyo maana sauti ya gitaa hilo inalia kama mtu, kwa sababu inapanda na kushuka bila kukatika.

Asili yake ya mbali ni visiwa vya Hawaii. Huko kijana Joseph Kekuku, mwishoni mwa karne ya 19, anatajwa kuwa ndiye aliyeanzisha upigaji wa kutelezesha chuma juu ya nyuzi. Pedali zilikuja baadaye, na Wamarekani wengi walizisikia kwa mara ya kwanza katika wimbo wa mwaka 1954 ambao Bud Isaacs aliupigia. Ulikuwa muziki wa baa na wa wachunga ng'ombe. Lakini kabla ya hapo, katika miaka ya 1930, ndugu wawili, Troman na Willie Eason, walikuwa wameingiza gitaa la chuma lisilo na pedali katika ibada za House of God, kanisa la Wamarekani weusi lililoanzishwa na mama mmoja mhubiri, Mary Magdalena Tate, mwaka 1903. Kule waliliacha liombe na kupiga kelele za shangwe. Hawakuwaiga wachunga ng'ombe.

Sasa nirudi kwa ndugu yetu. Alijaribu kujifunza kwa masomo ya kwenye simu, na kila alipokanyaga, sauti ikatoka nyingine. Alidhani gitaa limekufa. Baadaye akagundua kwamba kuna mipango miwili ya pedali. Mmoja unaitwa kwa jina la Buddy Emmons, wa pili kwa jina la Jimmy Day, na pedali ambayo kwa Emmons iko mwanzo upande wa kushoto, kwa Day iko mwisho upande wa kulia. Marehemu alifuata mpango wa Day. Somo la kwenye simu lilikuwa la Emmons. Hakuna aliyekosea.

Akanipigia, akaniuliza: "Baba Mchungaji, nibadilishe gitaa lifuate mguu wangu, au nibadilishe mguu wangu ufuate gitaa?" Vyuma vya chini vinaweza kufunguliwa na kupangwa upya. Ni kazi ya siku moja kwa mtu anayeijua.

Nilijibu haraka, kama kawaida yangu. Nilimwambia: "Umepewa, hukununua. Zoea." Akanyamaza kidogo, akasema, "Sawa, Mchungaji," kwa ile sauti ninayoijua, ya mtu ambaye amejibiwa lakini hakusaidiwa.

Usiku ule sikulala vizuri. Nilimkumbuka Daudi siku Sauli alipomvika mavazi yake ya vita. Ilikuwa zawadi ya mfalme, tena ya nia njema, na Daudi aliivua kwa sababu hakuwa ameizoea. Hakuna aliyemwambia "utazoea". Akachukua kombeo lake na mawe ya mtoni. Kule chuo cha Biblia tulifundishwa habari hiyo kama somo la imani, na ndivyo ilivyo, lakini sikuwahi kuona kwamba ni pia habari ya mtu aliyekataa kuzoea, na Mungu hakumlaumu.

Halafu wapo wale wa Zaburi ya 137, waliotundika vinubi vyao kwenye miti ya Babeli. Na ipo barua ya Yeremia katika sura ya 29, inayowaambia mateka wajenge nyumba na kupanda bustani. Barua hiyo nimeihubiri sana hapa. Nakiri kwamba safari moja niliihubiri nikimlenga mama mmoja wa ushirika wetu. Mama huyo analima maharagwe, sombe na lengalenga, anauza hata sokoni, lakini tangu alipofika amekataa kupanda mwembe. Nilipomletea mche mimi mwenyewe, alisema, "Baba Mchungaji, mwembe ni wa mtu anayekaa." Nikamwona mkaidi.

Wiki kadhaa zilipita. Ndugu yetu akapiga simu tena, na safari hii alikuwa na habari mbili.

Ya kwanza ni hii. Kwenye goti la kulia kulikuwa na chuma ambacho hakikuwa katika somo lolote. Alitaka kukitoa. Siku moja walipoimba polepole wakati wa toba, goti lake lilikigusa kwa bahati, uzi mmoja ukashuka nusu sauti, na wazee wa kanisa wakageuka kumtazama. Ile ndiyo sauti ya marehemu waliyoikosa. Angekitoa siku ya kwanza, asingejua alichotupa. Hapo nilifurahi, nikadhani nimeshinda.

Habari ya pili ilinifunga mdomo. Gitaa hilo ni la zamani, na ubao wake unajikunja kidogo pedali zikikanyagwa, hivyo hata nyuzi ambazo pedali haizigusi zinalegea sauti. Ni kidogo sana. Wiki za kwanza ilimkera. Baadaye haikumkera tena, akajua amezoea. Kisha akajirekodi, akasikiliza kesho yake asubuhi, akaona anapiga sauti iliyoanguka Jumapili baada ya Jumapili. Gitaa halikuwa limepona, ila sikio lake lilikuwa limeacha kusikia.

Basi, wapendwa, neno letu lina vitu viwili ndani yake na sisi tunaviita jina moja. Mguu uliozoea mpango wa Day umejua jambo ambalo haukulijua. Sikio lililozoea uzi uliolegea limepoteza jambo ambalo lililijua. Kwa nje vinafanana, maana pande zote mbili mtu ameacha kulalamika! Mimi mchungaji nimekuwa nikipima watu kwa kulalamika. Aliyenyamaza nikamhesabu amekua kiroho.

Yule baba anayeshika foleni ya maji tangu alfajiri bila kuudhika tena, amejifunza subira au ameacha kusikia? Kijana aliyezaliwa hapa, asiyeuliza kijiji cha babu yake kiko wapi, je? Sina jibu moja la wote. Nafikiri dalili mojawapo ni hii, kwamba aliyejifunza bado anaweza kukuambia sauti ya kweli iko wapi, hata kama leo hawezi kuifikia. Danieli alikubali jina la Babeli na elimu ya Babeli, lakini kwenye chakula alikataa, na kusali alisali dirisha likielekea Yerusalemu. Alijua kipi ni mpango tofauti tu, na kipi ni uzi ulioanguka.

Ndugu yetu hakubadilisha pedali. Mguu wake umefuata. Lakini kabla ya kila ibada anakagua nyuzi, anaifidia ile inayolegea kwa kuiweka juu kiasi kidogo, na mara moja kwa mwezi anajirekodi.

Na yule mama? Nimefikiri upya. Huenda asiyepanda mwembe ndiye mwenye sikio zima kuliko sisi sote. Au huenda anajinyima kivuli bure, na watoto wake pia. Sikuwahi kumwuliza. Nilimletea mche na mahubiri, sikumletea swali. Alhamisi nikitoka kwenye maombi nitapita kwake, na mche sitaubeba.

Mtumishi mwenzenu katika Kristo,
Mchungaji