ELIMU YA JANA NA MGONJWA WA LEO

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa njema zote ni za Allah, Mola wa viumbe. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba zake. Amma baad.

Ndugu Waislamu, naiusia nafsi yangu kwanza, kisha nyinyi, tumche Allah.

Ijumaa hii nasema na vijana wetu wa Kazimia wenye kazi za elimu: wauguzi, watu wa labo, mafundi wa mota na wa umeme wa jua. Mmoja wao alinijia baada ya Isha. Ana cheti na miaka mingi kazini. Sasa kimeletwa kipimo kipya, na wa kumfundisha ni mdogo wake kwa umri. Akauliza: "Maalim, si bora niache kazi kuliko kuaibika?"

Ndugu yangu, Nabii Musa (a.s.), ambaye Allah alisema naye, alifunga safari kumfuata mja aliyepewa elimu asiyokuwa nayo yeye. Kisa kimo katika Suratul Kahf. Na katika Surat Twaha, aya ya 114, Mtume wetu ameamrishwa aombe kuzidishiwe elimu. Ikiwa yeye aliomba nyongeza, wewe utatosheka na cheti?

Tazama malaria. Waliosoma uuguzi zamani walifundishwa klorokini, na ilikuwa dawa kweli. Vijidudu vikaizoea. Mwaka 2001 Kongo yetu ikaiacha, na mwaka 2005 ikachagua artesunate pamoja na amodiakini. Muuguzi aliyebaki na daftari lake la shule alimpa mtoto dawa isiyomponya. Mama alilipa, akarudi nyumbani na matumaini, na homa ikapanda. Nia njema peke yake haiui vijidudu.

Tazama pia Profesa Jean-Jacques Muyembe, Mkongomani mwenzetu. Mwaka 1976 kule Yambuku alichukua damu za wagonjwa kwa mikono mitupu, kabla Ebola haijajulikana. Mwaka 1995 kule Kikwit, wagonjwa 8 walitiwa damu ya waliopona, na 7 wakaishi. Wengi walitia shaka, naye hakuacha kutafuta. Kutokana na damu ya mtu aliyepona Kikwit ikapatikana dawa ya Ebanga. Mwaka 2019, Ebola ilipofika hata Mwenga, jirani zetu, yeye ndiye aliyekabidhiwa kuongoza mapambano. Alikuwa na miaka 77, na bado anajifunza.

Basi rudi kazini, kaa mbele ya mdogo wako, uliza. Aibu ya kuuliza ni ya siku moja. Damu ya mgonjwa ni amana utakayoulizwa Kiyama. Nawe mdogo unayejua, fundisha bila kucheka. Mimi nilisoma chuoni kwa ubao na wino, na simu hii nimefundishwa na mwanangu.

Najua mafunzo mengi yako Uvira na Bukavu, na nauli ni tabu. Hapo ni zamu yetu wazee: tuchange tumpeleke mmoja, naye akirudi awafundishe wenzake. Hiyo ni sadaka yenye kuendelea.

Ewe Mola, tuzidishie elimu yenye manufaa, na utuepushe na kiburi cha kujiona tumeshajua. Amin.