Ya Kazi Gani?

Kijana wa dukani aliniamkia kwa adabu, akanivutia kiti, kisha akaniuliza swali ambalo mimi, mwalimu wa miaka thelathini na minane, sikuweza kulijibu. "Mzee wangu, unataka kompyuta ya kazi gani?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali mengine. Katika daftari langu niliandika bei niliyoweza kuimudu na ukubwa wa kumbukumbu niliouhitaji, kama mjukuu wangu alivyonielekeza kwa simu. Fedha nilikuwa nazo. Alizeti ya mwaka 2025 haikunitupa, na juu yake niliongeza akiba kidogo ya pensheni. Nilitaka kuacha kumsumbua binti wa stesheneri hapa Singida mjini, anayenichapia kurasa hizi kwa malipo ya ukurasa mmoja mmoja. Huyu binti nikimwandikia "fikira" yeye huchapa "fikra", nami nikimrekebisha hunijibu kwamba kompyuta imekataa. Basi jibu lilikuwa jepesi: ya kuandikia. Lakini nilinyamaza kama mwanafunzi asiyefanya kazi ya nyumbani. Swali lile nilikwisha kulisikia mara mbili katika maisha yangu, na mara ya pili niliyeulizwa ni mimi, nikajibu vibaya.

Mara ya kwanza ilikuwa mwaka 1974, nikiwa Chuo cha Ualimu Kinampanda, huko Iramba. Mwaka huo Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na mkufunzi wetu wa siasa akatufafanulia uamuzi huo. Darasa zima hatukuwa tumeona kompyuta hata kwa picha. Mmoja wetu alisimama akauliza, "Ndugu mkufunzi, hiyo kompyuta ni ya kazi gani?" Mkufunzi akafikiri kidogo, kisha akasema ni mashine ya kuhesabu ambayo hula fedha za kigeni. Tulicheka sana. Tuliridhika kwamba Serikali imetuepusha na mlafi mmoja zaidi.

Siku hizi vijana wakisikia habari ya marufuku ile huwacheka wazee wao, kama wanavyotucheka kwa kukaa Bara bila kituo cha televisheni mpaka mwaka 1994, wakati ndugu zetu wa Zanzibar walikuwa nacho tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Sipendi kicheko hicho. Serikali haikuikataa kompyuta kwa ujinga wa kutoijua, maana ya kwanza iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Lakini kumbuka, ndugu msomaji, hali ya miaka ile. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda ghafla mwishoni mwa 1973, mvua zikatupungukia, na nchi ikalazimika kununua nafaka nje kwa fedha hizohizo za kigeni. Sisi wa Singida hatuhitaji kufundishwa maana ya mwaka wa njaa. Mtu mwenye shilingi moja, mtoto analia kwa njaa na fundi anamwonyesha saa nzuri ya ukutani, akichagua unga hatumwiti mshamba. Kwamba marufuku ilikaa muda mrefu kupita sababu yake, na ikatuchelewesha, hilo nakubali. Hata hivyo, mwanzo wake ulikuwa na uzito wa kimaadili. Mtu alijiuliza: ya kazi gani, na kwa gharama ya nani?

Mimi sina utetezi wa namna hiyo.

Mwaka 2003 nilikuwa mkuu wa shule moja ya sekondari mkoani hapa, ambayo sitaitaja. Marafiki wa shule kutoka Ulaya walituletea kompyuta kumi za mezani zilizokwisha kutumika, zimefungwa vizuri katika maboksi. Tulizipokea kwa ngoma na hotuba. Umeme wa gridi haukuwa umefika. Tulikuwa na jenereta, na mafuta ya jenereta yalitosha saa chache kwa wiki, hasa wakati wa mitihani. Nilifanya nilichofundishwa kufanya na mali ya umma: niliandika kila mashine katika leja, nikazipanga stoo, nikazifunika mashuka, nikafunga mlango, ufunguo nikautia mfukoni.

Mwalimu mmoja kijana alinijia na ombi. Alitaka kila Jumamosi tuwashe jenereta saa moja tu, wanafunzi wakae watano watano mbele ya kila mashine, angalau wajue jinsi ya kuiwasha na kuizima. Nilimwambia asubiri umeme. Akaomba basi wazione zikiwa zimezimwa, kifuniko cha moja kifunguliwe, waone mlivyo ndani. Nikamwuliza, ikipotea parafujo moja, nani ataijibu leja? Aliondoka bila kubishana. Alikuwa mwalimu mzuri. Mwaka uliofuata alihama.

Ndipo siku moja katika baraza la shule, msichana wa kidato cha tatu akainua mkono. "Mwalimu, zile kompyuta za stoo ni za kazi gani?" Wenzake walitulia kimya kuniangalia. Nikajibu, "Ni mali ya shule." Nilidhani nimejibu. Hata nilijisikia nimejibu kwa heshima.

Umeme ulifika mwaka 2010. Tulifungua stoo kwa sherehe nyingine. Vumbi la Singida mnalijua: upepo wetu hauhitaji dirisha, hupenya kwenye ufa wa bati. Panya walikuwa wametafuna nyaya na kuzaa ndani ya masanduku mawili. Kati ya mashine kumi, mbili ziliwaka, na hizo mbili zikawa nzito kiasi kwamba mwalimu aliziwasha, akaenda kunywa chai, akarudi zikiwa bado zinajiandaa. Tuliziandika zote chakavu. Nikafungua leja kuangalia kumbukumbu za miaka saba, na kila mwaka nilikuta maneno yaleyale kwa mwandiko wangu mwenyewe: "Kompyuta kumi, zote salama."

Nimekaa na sentensi hiyo muda mrefu kuliko sentensi yoyote niliyopata kuandika. Haikuwa uongo. Zilikuwa salama kweli: salama na wanafunzi. Tulilelewa kuamini kwamba kutunza ni fadhila, na fadhila ni kweli. Aliyetunza mbegu ndiye aliyepanda. Lakini mbegu hutunzwa kwa ajili ya siku ya kupanda. Asiyekuwa na siku hiyo kichwani hatunzi mbegu, anawatunzia fuko. Mimi sikuwa na siku. Nilikuwa na leja, na nilimwogopa mkaguzi kuliko nilivyomwogopa mtoto atakayemaliza kidato cha nne bila kujua kitu ambacho kiko hatua ishirini kutoka dawati lake. Nikijilinganisha na Serikali ya 1974, naona ilikataa kwa ajili ya mahindi. Mimi nilikataa kwa ajili ya parafujo.

Mtu anaweza kunitetea kwamba zingetumika zingeharibika mapema. Ni kweli. Pengine zisingefika mwaka wa pili. Watoto mia nne kwa mashine kumi, vumbi, jenereta inayopandisha na kushusha umeme kama homa: zingekufa. Na hapo ndipo penye swali lenyewe, ambalo sikulijua wakati ule. Kitu kikifa mikononi mwa watu kimepotea? Chaki huisha ubaoni kila siku, na sijapata kuona mwalimu aliyeandikiwa barua kwa kuimaliza.

Yule msichana nilikutana naye mwaka 2019 kwenye stendi ya mabasi, mama wa watoto wawili sasa, anafanya kazi ya uhasibu. Alinipokea mkoba, akanisimulia kwa furaha alivyofika chuoni Dodoma. Siku ya kwanza ya kompyuta mkufunzi aliwaambia wasogeze kipanya juu. Yeye akakinyanyua hewani. Darasa zima likaangua kicheko, na kwa mwaka mzima wakamwita jina lililotokana na tukio hilo. Alikuwa akicheka machozi akinisimulia. Hakuyagusa maboksi ya stoo hata kwa neno moja. Pengine alikwisha kusahau. Mimi nilipanda basi langu bila kucheka.

Hayo ndiyo yaliyonifunga mdomo dukani. Kijana aliona nimekwama, akaamua kunisaidia kwa kunionyesha alichonacho. Kulikuwa na kompyuta mpakato mpya, nyembamba, ya shilingi 1,300,000. Sitaficha: niliitamani. Katika maisha yangu vitu nilivyonunua vikiwa vipya kabisa, vikitoka katika boksi, havizidi vitano, na cha mwisho cha kujivunia kilikuwa baiskeli. Mzee wa miaka sabini na mitatu ana haki ya kitu kipya? Nadhani anayo. Sikubaliani na wanaosema uzee ni kungoja tu na kugawa.

Pembeni kulikuwa na za mtumba, nyeusi, nzito, zilizotoka maofisi ya Ulaya, shilingi 450,000. Nikamwuliza zina ubaya gani hata zikatupwa. Akanieleza jambo lililonishangaza. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilifikisha mwisho huduma yake ya kawaida kwa Windows 10, na Windows 11, iliyotoka mwaka 2021, haikubali rasmi mashine nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2017 hivi, hata kama ni nzima. Kwa hiyo maofisi huko yanazitoa. Nyingine hazina kosa lolote ila umri. Niliposikia hivyo nilihisi undugu nazo, maana nami siku moja mwaka 2012 niliamka mzima nikaambiwa nimefika miaka sitini.

Lakini tuache utani. Mwaka 1974 aliyetuamulia kompyuta ipi tusiwe nayo alikuwa Dar es Salaam, na tuliweza angalau kumwuliza mkufunzi kwa nini. Leo anayeamua ipi imezeeka yuko ng'ambo, na hakuna darasa la kumwuliza. Kijana alinionyesha pia kwamba mashine kama hizo huweza kuwekewa mfumo wa Linux usiouzwa, na nikakumbuka kwamba mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu ya uandishi kwa Kiswahili. Mwaka 2004! Maboksi yangu kumi yalikuwa stoo, yamefunikwa mashuka.

Aliniuliza tena, kwa upole, "Basi mzee, utaitumia mwenyewe?"

Nikasema hapana. Nilishangaa kusikia sauti yangu. Nikamwambia nataka ya watoto wengi, isiyoogopa vumbi, yenye diski isiyozunguka ndani ili ikianguka isife mara moja, na vitufe vinavyopatikana Kariakoo vikivunjika. Akachagua moja ya zile nyeusi, ya mwaka 2018, akaichomoa kwenye umeme niangalie betri inakaa muda gani. Ilikaa saa moja na nusu. Baki ya fedha nilinunulia kidhibiti umeme, kipanya cha akiba, na umeme wa miezi mitatu.

Iko sebuleni kwangu, juu ya meza ya kulia. Asubuhi naandika mimi. Saa tisa alasiri, watoto wa jirani wakitoka shule, inakuwa yao mpaka magharibi. Sharti ni moja, wanawe mikono, nalo halifuatwi. Kitufe cha herufi N kimeng'oka, nami naandika kwa kubonyeza kijipira kilichobaki, jambo gumu kwa lugha yetu ambayo haiwezi kwenda hatua tatu bila N. Insha hii unayoisoma nimeiandika mara mbili, kwa sababu ya kwanza ilifutwa na mtoto wa darasa la tatu aliyetaka kujua kitatokea nini. Nilikasirika siku mbili. Sikumwuliza ni ya kazi gani.

Mke wangu, siku ile nilipoileta, alitoa kabatini kitambaa kizuri cheupe alichokifuma kwa mkono wake, chenye maua pembeni, akaniambia niifunike isiingie vumbi. Vumbi linaingia kweli. Naliona kwenye kioo kila asubuhi. Nilimshukuru, nikakishika muda, nikakitandika juu ya redio.